Nilichokifuta kwenye Chuma cha Mama Nsia

Mliniomba niandike mambo ya kazini kabla hayajanitoka kichwani. Habari za vyeo ziko kwenye faili langu, anayezitaka akazisome huko kama panya wamebakiza. Mimi nitaandika habari za woga. Ndio niliofanya nao kazi muda mrefu kuliko daktari yeyote, na ninyi vijana wa upasuaji naona mnadhani iko siku utaisha.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka kijijini kwetu Uru kwa miguu, mvua imelowesha njia, nikaingia hospitalini kwenye korido ya upasuaji na tope mpaka kwenye vifundo. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kalisti, muuguzi aliyesimamia vifaa vyote vya upasuaji wa mifupa. Mrefu, mkimya, masikio yametokeza nje ya kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Yustina."

"Yustina, tope la Uru lirudi Uru. Kanawe, halafu uje usimame pale ukutani. Leo usishike kitu."

Nilisimama ukutani asubuhi nzima. Damu haikunitisha, kwetu tulichinja. Nilichoogopa ni gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu. Niliziona zikiingia kwenye paja la mtu zikiwa nyeupe, na nilijiuliza nani anajua kama zote zimetoka. Mzee Kalisti alizihesabu kwa sauti ya chini kama anayesali rozari, na alipomaliza alianza tena. Nilimwuliza kwa nini anarudia wakati hesabu imeshatimia.

"Kwa sababu mara ya kwanza nilitaka itimie," alisema.

Alinifundisha kusikiliza nyundo. Chuma kinapokaa sawasawa ndani ya mfupa mlio hubadilika, hupanda kidogo na kuwa mkavu, na daktari mwenye busara huacha kupiga. Alinifundisha pia kufuta. Kila bamba, kila skrubu, kabla ya kumpa daktari, alikamua gozi kwenye maji safi, akakifuta chuma kutoka juu kwenda chini mara mbili, kwa nguvu. Alisema kinachoingia ndani ya mtu kiwe safi kama kikombe cha altareni. Mzee Kalisti alikuwa mtu wa Kibosho na hakufanya mzaha na altare. Nami nikawa nafuta hivyo kwa miaka yote iliyofuata. Mkono wangu ulifanya peke yake, kama mkono wa mtu anayemenya ndizi huku anaongea.

Wagonjwa wa sukari tuliwaogopa wote, ila hatukusema. Wa kwanza kunifundisha alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Chekereni aliyevunjika mundi wa mguu. Tulimfunga bamba zuri kabisa, picha ikapendeza. Wiki ya tatu kidonda kilifunguka, na nilipoondoa bandeji niliona bamba linang'aa chini yake. Tulimrudisha mezani. Mimi ndiye niliyepewa kufungua skrubu, na sikuhitaji bisibisi. Zilitoka kwa vidole, kama zimechomekwa kwenye ndizi mbivu. Mfupa haukuwa umezishika hata moja. Yule baba alipoteza mguu chini ya goti. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipoona neno kisukari kwenye faili, nililisoma mara mbili.

Mzee Kalisti alistaafu, nikachukua nafasi yake kwenye kabati la vifaa. Miaka ikaenda. Akaja Daktari Barnaba, kijana mpole aliyesomea nyonga nje ya nchi, na pamoja naye vikaja vyuma vya aina nyingine. Vile vya zamani vilikuwa laini na vinang'aa. Hivi vilikuwa na utando mweupe juu yake, wa kukwaruza, kama ukuta uliopakwa chokaa. Siku ya kwanza alituita wote akaweka kimoja mezani kikiwa ndani ya mfuko wake.

"Huu utando ni madini yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe," alisema. "Chuma kitupu mfupa hukikalia jirani tu. Hiki hukiona ni mwenzake, unakuja kukishika. Kwa mtu mwenye sukari mfupa unakuja polepole, damu ni kidogo, na vijidudu vina haraka. Ni mbio. Utando unausaidia mfupa ufike kwanza."

Nikamwuliza, "Na mwenye sukari sana?"

"Hapo unausaidia kidogo. Usidhani ni muujiza."

Alisema pia kwamba kisishikwe penye utando, kisiloweshwe, kisiguswe na nguo. Nilisikia. Hata kwenye daftari niliandika. Lakini kuandika ni kazi ya mkono mmoja, na kufuta ilikuwa kazi ya mkono mwingine.

Karibu miaka miwili kabla sijastaafu aliletwa Mama Nsia kutoka Mwika. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa. Aliteleza akiwa na mzigo wa majani kichwani, kwenye mteremko wa kihamba chake mwenyewe, shamba la nyumbani, akavunjika shingo ya fupa la paja. Alikuwa na sukari ya siku nyingi. Binti yake Nsia, mwalimu wa shule ya msingi, alisimama kando ya kitanda akijibu kila swali kabla mama hajafungua mdomo.

"Anachoma insulini?" niliuliza.

"Anachoma, asubuhi na jioni," alisema Nsia.

Mama Nsia alitazama dirishani. Niliona, nikaandika "anachoma".

Tulimweka wodini siku kadhaa mpaka sukari ikateremka, kisha Daktari Barnaba akaamua kumwekea nyonga ya bandia yenye utando. Chuma cha kipimo chake kilikuwepo kimoja tu. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na cha aina ya zamani, kile cha kubandikwa kwa simenti ya mifupa, tukakiweka tayari kama kawaida.

Kazi ilikwenda vizuri. Mama Nsia alipigwa ganzi ya mgongo, akawa macho nyuma ya shuka, akimweleza mtaalamu wa usingizi habari za ng'ombe wake mmoja mwenye tabia mbaya. Daktari alichonga ndani ya paja, akapima, akasema, "Sawa. Naomba chuma."

Nilikitoa kwenye mfuko. Nilipokigeuza, tone la maji yenye damu liliruka kutoka kwenye beseni likakiangukia. Tone moja. Mkono wangu wa kushoto ulikamata shingo ya chuma, wa kulia ukachukua gozi yenye maji, ukafuta kutoka juu kwenda chini mara mbili, kwa nguvu, kama nilivyofundishwa.

Kisha nikaona gozi. Ilikuwa na unga mweupe kama kitambaa cha ubaoni. Na kwenye upande ule wa chuma nyuzi za gozi zilikuwa zimenasa, fupifupi, na mstari mrefu ulioparara umepita katikati.

Mkono wa daktari ulikuwa umenyooshwa. Paja lilikuwa wazi. Nilikuwa na muda wa kusema maneno manne, na maneno yenyewe niliyajua: Daktari, nimekifuta, tutumie simenti. Niliwaza ataniambia nini mbele ya wale wanafunzi wawili. Niliwaza kidonda cha mgonjwa wa sukari kinachokaa wazi. Hilo la pili nililitumia kujificha nyuma yake. Nilitoa nyuzi nilizoziona, nikampa.

Akapiga nyundo. Mlio ukapanda vizuri kabisa, ukawa mkavu. Akaacha kupiga.

"Safi sana, Sista," alisema.

Gozi zilitimia. Nilizihesabu mara tatu.

Siku ya tatu nilimfuata Daktari Barnaba ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Ungeniambia kikiwa bado mkononi mwako," alisema, "ningekuomba kile cha simenti. Ingekuwa dakika kumi."

"Najua, Daktari."

"Labda kitashika hivyohivyo. Upande mmoja bado ni mzima. Sasa hatuna la kufanya ila kuangalia sukari yake na kusubiri." Akafungua kitabu cha matukio cha chumba cha upasuaji, akaniambia niandike mwenyewe na niweke sahihi. Niliandika mistari minne. Herufi zilifanana na za mtoto.

"Na yeye mwenyewe ataambiwa?" niliuliza.

"Ataambiwa. Anastahili. Ngoja kwanza atoke kwenye homa ya upasuaji."

Homa ilitoka, na hakuna aliyemwambia. Daktari alisafiri kwenda kufundisha, wodi ikajaa, Mama Nsia akaruhusiwa na magongo yake. Ningeweza kumwambia mimi. Nilimfungia mzigo wake, nikampa dawa, nikamwambia asikunje mguu kupita kiasi. Hayo yote niliyasema vizuri.

Nikaanza kupanda Mwika. Niliwaambia wenzangu nina ndugu kule. Kila baada ya wiki mbili nilifika na kipimo cha sukari mkobani, nikamkuta ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, nyuma yake migomba, ng'ombe wakitafuna bandani. Nilimtoboa kidole. Kipimo kilisoma juu kila mara. Alinipa mtori wa ndizi, nami nilikula nikitazama paja lake.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji aliniambia, "Sista, nikiinuka pana kitu kinauma hapa." Akaweka kiganja katikati ya paja, upande wa nje.

Mtu wa mifupa anajua maumivu ya pale. Ndiyo maumivu ya chuma kinachocheza ndani ya mfupa.

"Unapoinuka tu, au hata ukikaa?"

"Nikiinuka. Nikishatembea kidogo yanapoa. Ni kawaida?"

"Twende tukapige picha," nilisema.

Kwenye picha palikuwa na mstari mweusi upande wa nje wa chuma, pengo kati yake na mfupa, mwembamba kama unywele. Wiki sita baadaye ulikuwa mnene kama uzi. Daktari Barnaba alipima damu, akachoma sindano kwenye kiungo akavuta maji yake yapimwe. Siku tulizosubiri majibu zilikuwa mbaya kuliko zote. Nikifumba macho namwona yule baba wa Chekereni. Majibu yalirudi hayana vijidudu. Hapakuwa na usaha. Chuma hakikushikwa tu.

"Tutakitoa tuweke kingine kirefu," alisema daktari. "Na kabla ya hapo anaambiwa. Nitamwambia mimi, au unataka wewe?"

"Mimi," nilisema, na nilijuta hapohapo.

Nilipanda Mwika siku ya Jumamosi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilipofika nyumba ya mbele nilikuta yamechanganyika. Nilitumaini Nsia asiwepo. Hakuwepo, alikuwa mazoezi ya kwaya kanisani. Nilitumaini basi mvua inyeshe, nirudi. Haikunyesha.

Mama Nsia alikuwa akichambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama, kile chuma kina utando mweupe unaousaidia mfupa kukishika. Hakitakiwi kufutwa. Mimi nilikifuta. Utando ukatoka upande mmoja. Niliona, nikakaa kimya, nikampa daktari akakiweka."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa kando.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Mkono ulitangulia. Lakini baada ya mkono nilikuwa na muda wa kusema, nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuonekana."

Bandani ng'ombe mmoja alipiga teke ndoo. Nilidhani ataniambia niondoke, na nilikuwa nimeshauweka mkoba begani. Badala yake aliweka ungo chini, akaniambia, "Nenda jikoni. Nyuma ya chungu kikubwa kuna mtungi mdogo. Ulete."

Nilileta. Alifunua. Ndani, kwenye ubaridi, palikuwa na chupa za insulini zimepangwa vizuri, nyingi hazijafunguliwa. Niliziangalia moja moja. Tarehe zake zilianzia kabla hajaanguka.

"Nsia anadhani nachoma," alisema. "Naingia chumbani, nakaa kidogo, natoka. Dada yangu alianza kuchoma hizi, mwaka haukuisha wakamkata mguu. Wa pili ukafuata. Nikasema mimi sindano haitanigusa."

"Mama, sindano siyo iliyomkata. Ilichelewa kuanza."

"Ndivyo mnavyosema ninyi wa hospitali. Hata wewe ulinifungia mzigo kama mguu wangu uko sawa."

Nilizirudisha chupa mtungini moja moja.

Tulikaa pale, mimi na mtungi wangu mapajani, yeye na maharage yake. Baadaye alifuta mikono kwenye kanga.

"Wakikitoa hicho, nani atashika cha pili?"

"Nitaomba awe mwingine. Kuna wasichana wazuri."

"Hapana," alisema. "Awe mtu anayeogopa. Mimi nitachoma sindano, utanionyesha hapa hapa sasa hivi. Na wewe usikifute."

Nilimwonyesha. Alifumba macho kama mtoto na kuniminya bega mpaka likauma. Sindano ya pili, jioni, alijichoma mwenyewe, Nsia akiwa ameuona mtungi, amesimama mlangoni na kitabu cha nyimbo kwapani, analia bila sauti.

Tulisubiri miezi miwili sukari itulie. Daktari hakukubali kuharakisha, ingawa maumivu yalimrudisha Mama Nsia kwenye magongo mawili. Nsia alinitumia tarakimu za kipimo kwa simu kila asubuhi, nami sikunywa chai kabla sijaziona. Zilishuka kama mtu anayeshuka mlima kwa goti baya, siku moja chini, siku mbili kando.

Siku ya upasuaji wa pili nilinawa mikono mpaka ngozi ikawaka. Daktari Barnaba alifungua, akafunga kifaa cha kukivuta kwenye shingo ya chuma, akakigonga kwa nyuma. Kilitoka mara moja, bila kubishana. Alikigeuza chini ya taa, akaninyooshea nikione.

Upande wa ndani mfupa ulikuwa umeshikilia, vipande vidogo vya rangi ya krimu vimeng'ang'ania utando, vingine vimevunjika navyo. Upande wa nje palikuwa patupu. Chuma kitupu, safi, katika njia ileile uliyopita mkono wangu.

"Ni gozi au ni sukari?" nilimwuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, Sista. Huenda vyote viwili. Sitaki kukudanganya ili ulale, wala ili usilale."

Chuma kipya kililetwa. Hapa ndipo nataka msome polepole. Nilibadilisha glovu. Niliondoa beseni la maji, nikaliweka mbali. Niliweka gozi zote upande ambao mkono wangu haufiki. Sikufungua mfuko mpaka daktari alipomaliza kupima na kusema yuko tayari, kisha nikakishika shingoni tu, kwa vidole vitatu, nikakipeleka moja kwa moja. Mwendo mfupi kuliko hatua moja. Katikati yake mkono wa kulia uliinuka wenyewe kutafuta gozi. Niliuona ukiinuka. Nilisema kwa sauti, "Sijakifuta, Daktari," na mkono ukashuka. Wanafunzi walinitazama kama nimechanganyikiwa.

Nyundo ilipiga. Mlio ulipanda. Safari hii mlio mzuri haukunifariji hata kidogo.

Picha ya wiki sita sikuitazama mpaka daktari alipotazama kwanza. Ya miezi mitatu niliitazama kupitia vidole. Ya mwaka mmoja ilipigwa wiki niliyoaga kazi, na Daktari Barnaba alinionyesha kwa ncha ya kalamu jinsi mfupa ulivyokuja mpaka kwenye utando pande zote mbili, bila mstari. Mahali pamoja, chini kabisa, palikuwa na kivuli. Alisema ni kivuli tu. Nilimwomba atazame tena, akatazama tena.

Sasa napanda Mwika bila kudanganya kwamba nina ndugu. Wiki iliyopita nilimkuta Mama Nsia akitoka bandani na fimbo moja, ndoo ya maziwa ameishika Nsia. Alitaka kunionyesha kahawa zake za juu, na kihamba chake kina mteremko mkali, udongo mwekundu, majani yaliyooza, mizizi imejitokeza. Ndipo hapohapo alipoanguka. Nilimwambia tukae tu tunywe chai. Alikwisha kutangulia.

Nikamfuata nyuma. Kila alipoweka mguu ule chini nilisikiliza kama kuna kitu kitalia. Aliweka fimbo, akaweka mguu, akainuka. Mikono yangu ilikuwa mbele kama ya mtu anayetaka kudaka yai. Alifika kwenye jiwe kubwa, akasimama kupumua, akageuka akanikuta nimeinama nakodolea paja lake.

"Yustina," alisema, "acha kunitazama mguu. Tazama unapokanyaga wewe, utaanguka."